Shahidi Anayesema Ndiyo

Mepukori hakuwahi kuiamini rangi ya kijani. Miaka kumi na tisa amekagua alama za ng'ombe mnadani, na jambo lililokwenda vizuri kupita kiasi ndilo lililomfanya ainame kuangalia tena. Shule yake iliishia darasa la saba huko Enguserosambu, lakini umtajie boma, atakwambia wanachoma alama gani na paja lipi.

Ndiyo maana Raymond, mwenye ofisi ya programu mjini Karatu, alimwita. Walikuwa wametengeneza programu ya simu: unaingiza alama ya ng'ombe, simu inauliza daftari la wafugaji, kisha inajibu kama muuzaji ndiye mwenye mali. Kesho yake ilikuwa inapelekwa mnadani, na chini ya kila jibu lingesomeka jina la aliyeipima: Mepukori.

Rozalia, mwandishi wa programu, alibonyeza kitufe. Skrini ikajiendesha yenyewe, ikajaza alama, ikauliza, ikajibiwa. Majaribio arobaini, yote kijani, rangi ya kukubaliwa.

"Umeona, mzee wangu?" alisema Raymond akimpa kalamu. "Weka sahihi tukale nyama."

"Hakuna hata ng'ombe mmoja aliyekataliwa?"

"Hata mmoja."

Mepukori alikohoa. Kusema mbele za watu kulimtoa jasho. "Binti, naomba hiyo simu ya majaribio."

Akaingiza alama ya ukoo wake, akachagua paja la kushoto. Watu wake huchoma la kulia tu. Ukiiona kushoto, aliyechoma ni mwizi mwenye haraka.

Simu ikajibu: Imethibitishwa.

Akawatazama wote wawili. Nani aliwatuma hawa? Wenye malori ya usiku, yanayobeba ng'ombe wa wizi? "Shahidi wako aliyesema ndiyo ni nani?" alimuuliza Rozalia polepole.

Rozalia akashtuka, akasogeza kiti. "Baba, programu haijitafutii daftari. Ndani yake kuna kontena, kisanduku kinachoigawia kila kitu inachohitaji. Ikiomba daftari, kontena linaipa. Kwenye majaribio madogo nililiwekea daftari la bandia linalosema ndiyo tu, ili nipime kitufe peke yake."

"Na haya arobaini ya kwenye skrini?"

Rozalia akasoma mistari ya programu yake. "Haya nilipaswa kuyapa nakala ya daftari la kweli. Nimeacha lile la bandia. Hata hii simu nimeipa hilo hilo."

"Kwa hiyo shahidi umemleta wewe, na umemfundisha la kusema."

"Ndiyo, Baba."

"Mnadani tungekufunga."

Raymond akacheka peke yake. "Ni mambo ya majaribio tu. Kesho daftari la kweli litakuwepo."

"Nani ameliona likikataa?"

Rozalia alibadilisha kile ambacho kontena lingegawa, akaliwekea nakala ya daftari la kweli, akaendesha upya. Nyekundu kumi na tatu. Alama ya paja la kushoto, ilipoingizwa tena kwenye simu, ilikataliwa, sawa, lakini na ng'ombe halali wa kijiji cha Piyaya nao walikataliwa.

"Bado itaenda," Raymond alisema. "Watu wameshatangaziwa."

Mepukori akarudisha kalamu mezani. "Iende bila jina langu. Na nitasimama getini niwaambie kwa nini."

Raymond alimkodolea macho, kisha akatoka nje na simu sikioni, akiwaomba radhi watu wa mnada kwamba kesho haitaenda.

Mepukori akavuta kiti karibu na Rozalia, bado akimtazama kwa jicho la pembeni. "Andika jaribio jingine. Alama mpya iliyochomwa juu ya kovu la zamani, kama wafanyavyo wezi. Hiyo ikipita, tunaanza upya."