Cheti cha Mpika Halua

Nilipoolewa, dada yangu alinicheka akasema nitanuka samli mpaka nife. Mume wangu alikuwa Mshihiri, Mwarabu wa Hadhramauti, amekuja Wete na sanduku la bati na paspoti, na kazi yake ilikuwa kupika halua. Kweli nilinuka samli. Kanga zangu zilinuka samli na iliki, nywele zangu pia, na mpaka leo nikipita nyumba inayotwangwa iliki nasimama njiani kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza. Wete ya wakati ule ukitaka kujua nani anaoza wiki hii, ulitazama sufuria la mume wangu tu. Lilikuwa la shaba, pana, limekaa juu ya jiko la mawe uani, naye amejifunga shuka kiunoni anakoroga kwa mwiko mrefu saa mbili, saa tatu, bila kupumzisha mkono, maana halua ukiisahau kidogo tu inashika chini. Ukimwona anatia zafarani na lozi ujue harusi ni ya wenye nazo. Ukiona ufuta mtupu, harusi ni ya watu kama sisi. Msimu wa karafuu vikapu vidogo vya ukindu vya kutilia halua havikutosha, nikivisuka mwenyewe kutwa nzima na kulalamika kuwa vidole vinaniuma. Leo ningetoa chochote vidole viniume tena vile.

Mume wangu aliletwa Pemba na tajiri wa Kishihiri mwenye duka, na cheti chake cha ruhusa ya kufanya kazi kilikuwa na jina la tajiri yule. Tajiri akazeeka, akauza duka, akarudi kwao Hadhramauti. Sisi akatuachia salamu. Karani wa serikali akamweleza mume wangu kuwa cheti kimekwisha nguvu siku duka lilipofungwa, na kwamba ana mpaka mwisho wa Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, apate tajiri mwingine wa kumwajiri na kumdhamini. Asipompata, arudi alikotoka.

"Umewaambia una mke?" nilimuuliza.

"Nimewaambia. Wamesema mke hamdhamini mume."

Nilipandwa na hasira ambayo hata sasa nikiikumbuka masikio yanapata moto. Mimi nimezaliwa hapa, mama yangu wa Kojani, babu yangu wa Kojani, baba yake babu hatujui alitoka wapi zaidi ya Kojani, halafu neno langu halitoshi kumweka mume wangu nyumbani! Mume wangu alinicheka. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulikuwa ukinizidishia hasira.

Tajiri mpya alipatikana mtaani kwetu. Alikuwa mzee wa Kipemba, mjane, ana mikarafuu yake michache na duka dogo la kahawa na halua ambalo mikono yake ilikuwa haiwezi tena kulihudumia. Binti zake wawili wameolewa mbali, mmoja Makangale na mmoja Unguja, na mtoto wa kiume Mungu hakumjaalia. Aliposikia habari zetu alimwita mume wangu akamwonyesha sufuria lake, akamwonyesha na chumba cha uani. "Njoo na mkeo," alisema. Tukahamia wiki ile ile.

Siku zile zilikuwa nzuri, nasema wazi. Asubuhi Mzee alikaa barazani na buli lake la kahawa akiwatania wapita njia, na mume wangu uani na moto wake. Wakila sinia moja, mimi jikoni nawasikia wakigombania ukoko. Mzee hakumwita mume wangu kwa jina hata siku moja. Alimwita mwanangu. "Mwanangu, moto umezidi." "Mwanangu, Bi fulani wa Makoongwe ataka vikapu vinane." Na mume wangu, ambaye baba yake alikufa yeye hajaota ndevu, alikuwa akiitika haraka haraka, "Naam, Baba," na uso unamng'aa.

Basi tukaenda kuomba cheti kipya. Kwanza ilitakiwa picha. Mpiga picha alimwambia mume wangu asicheke, akatii kupita kiasi, akatoka kama mtu aliyekamatwa na mbuzi wa wizi. Halafu tukaitwa ofisini, muombaji na mdhamini wake. Mimi sikuitwa, lakini nilivaa buibui langu nikaenda, nikakaa kwenye benchi nje, chini ya dirisha lililoachwa wazi kwa ajili ya joto.

Ndani alikuwepo Mzungu mmoja mwembamba na karani wa kumtafsiria, kijana wa Unguja aliyekuwa akitabasamu kila Mzee akifungua kinywa, kwa sababu ya Kipemba chake. Mzee alimchukulia yule Mzungu kikapu cha halua. Mzungu akashukuru, akasema haruhusiwi kupokea. Nikamsikia Mzee akikisukuma kikapu tena mezani. Maisha yake yote hakuwahi kuona mtu anakataa halua.

Karani akauliza, "Mzee, huyu ni mfanyakazi wako?"

"Astaghfirullah!" Mzee alisema. "Mfanyakazi? Huyu mwanangu."

"Mwanao wa kumzaa?"

"Mwana si mpaka umzae. Mie na yeye twala sinia moja, twalala paa moja."

"Unamlipa kiasi gani kwa mwezi?"

"Weye babako akulipa?"

Karani alicheka, akatafsiri. Nikasikia kalamu ya Mzungu ikiandika, na nikaanza kuitafuna ncha ya buibui langu. Nilitamani niingize kichwa dirishani niseme, Baba, sema analipwa, kwa Mola wako sema analipwa! Sikusema. Nilikuwa mke wa mtu, na ile ilikuwa ofisi ya serikali.

Walitoka wote wawili wana furaha. Mzee alikuwa akitembea kifua mbele, mwamvuli kwapani. "Nimekusemeeni maneno mazuri leo," aliniambia. Na kwa yeye yalikuwa mazuri kuliko yote. Alikwenda kumsifu mtu mbele ya serikali, akamsifu kwa sifa ya mwisho aliyokuwa nayo. Mume wangu alikuwa ameguswa, njia nzima akitembea ubavuni pake. Nami nilipowatazama vile walivyo, nikakosa moyo wa kuwaharibia.

Barua ilikuja baada ya wiki mbili, kwa Kiingereza. Nilisoma skuli ya wasichana mpaka darasa la sita, nikaisoma kwa kidole, neno kwa neno. Ombi limekataliwa. Mdhamini mwenyewe ametamka kuwa muombaji si mwajiriwa wake bali ni mtu wa nyumbani asiyelipwa mshahara, kwa hiyo kazi haipo. Kama kuna kosa, mdhamini aje kabla ya mwisho wa Mfungo Sita, muda ule ule wa kwanza, aape kwa Msahafu kwamba muombaji si mwanawe wala si jamaa yake, na kwamba ni mtu wake wa kazi, wa mshahara.

Nikamsomea Mzee palepale barazani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia niikunje.

"Sendi," alisema.

Nilidhani ni kiburi. Nilimkalia kitako, nikamwambia ni maneno tu, ataongea mara moja na yatakwisha.

"Si maneno tu, mwanangu. Bibi yangu mzaa baba alikuwa wa mtu, wa kununuliwa. Katika shamba la karafuu hukohuko ng'ambo ya bonde, alikuwa wa mtu. Mie nimemuona, nimekula mkononi mwake. Leo nende mbele ya Mzungu, mtoto wa watu amesimama anantazama, nseme huyu wangu mie, mtu wangu wa kazi? Na nshike Msahafu? Siwezi miye."

Mtu mwenye adabu angenyamaza hapo. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na siku zilizobaki nilikuwa nikizihesabu kila nikiamka. Nikamwambia, "Basi mwache arudi kwao, wewe ubaki na heshima yako." Nilisema hivyo, na sikuita Baba. Mume wangu alitoka uani mbio, mwiko ungali mkononi, akanikemea kwa mara ya kwanza tangu anioe. Halua ile ilishika chini. Tulikula wenyewe siku tatu.

Asubuhi ya pili yake Mzee alitoka chumbani amevaa kanzu yake ya Ijumaa na kofia mpya. Haikuwa Ijumaa. Alitia udhu bila kusema na mtu, akachukua mwamvuli, akamwambia mume wangu, "Twende."

Niliwafuata kwa mbali, nikakaa kwenye benchi langu. Safari hii sikusikia mzaha ndani. Karani alisoma maneno, Mzee akayafuata, mkono juu ya Msahafu. Wallahi, huyu si mwanangu. Wallahi, si jamaa yangu. Wallahi, huyu ni mtu wangu wa kazi nami namlipa mshahara. Sauti yake nilikuwa siijui. Mume wangu alinihadithia baadaye kuwa yeye alitazama sakafu tu, na kwamba Mzungu alisimama kwa adabu mpaka kiapo kilipokwisha. Mzee akatia sahihi yake kwa herufi za Kiarabu. Nikasikia muhuri ukigongwa.

Cheti cha miaka miwili! Nilikishika kifuani njia nzima, nikilia na kucheka. Mzee alitutangulia mbali na hakugeuka nyuma. Tulipofika, mume wangu akamtilia kahawa akampelekea kwa mikono miwili.

"Ahsante, fundi," Mzee alisema.

Tulidhani ni uchovu. Lakini kesho yake ilikuwa fundi, na kesho kutwa fundi, na mimi nikawa mke wa fundi. Mwisho wa mwezi alimwekea mshahara juu ya sinia, kabla hawajaanza kula. Mume wangu alijaribu kuurudisha kwenye droo ya duka, Mzee akamrudishia. "Nimeapa kuwa nalipa." Sinia waliendelea kula pamoja, lakini ukoko hawakuugombania tena. Kila mmoja alikuwa akimwachia mwenzake, na mimi nikiuokota umepoa.

Nilijaribu hila zote. Nilikwenda barazani nikasema, "Baba, mwanao anakuita." Mzee akaniuliza, "Nani?" Nikasema mwanao. "Nani?" Mpaka nikasema fundi, ndipo akainuka. Nilikwenda kwa Shehe wa msikiti wetu, nikamweleza kisa kizima, naye akasema hakuna ubaya, mtu anaweza kumwita mwanangu asiyekuwa mwanawe, hayo ni mapenzi tu, hayagusi kiapo. Nilirudi mbio na fatwa yangu.

"Shehe hakuapa yeye," Mzee alinijibu. "Nimeapa miye."

Nilimwomba radhi. Mara ngapi, siwezi kujua. Kila mara alinambia amenisamehe zamani, na najua alinisamehe, kwa sababu hakuwa mtu wa kuweka vitu moyoni. Ila neno lile halikumtoka tena. Mume wangu hakunilaumu, hata kwa jicho. Lakini nilimwona namna alivyokuwa akichelewa kidogo kuitika akiitwa fundi, kana kwamba anangojea kwanza aone kama litafuatia jingine. Mimi ndiye niliyemweka Pemba, na mimi ndiye niliyemfanya yatima mara ya pili. Nililijua hilo kila siku, nikisuka vikapu.

Mwaka ukapita na zaidi. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa asubuhi moja ya mvua, katika chumba kile kile cha uani. Mkunga akamwosha, akamfunga, akampeleka ukumbini kwa wanaume akaadhiniwe. Mimi nimelala nyuma ya pazia, nasikia kila kitu.

"Baba," mume wangu alisema, "muadhinie."

Mvua tu juu ya makuti. Nikafumba macho, nikajua anatafuta namna ya kukataa bila kumvunja mtu.

"Lete," Mzee akasema.

Akamuadhinia kwa sauti ndogo, sikio la kulia, akamkimia la kushoto, bila haraka. Alipomaliza hakumrudisha mtoto.

"Fundi."

"Naam, Baba."

"Mie nliapa juu yako weye. Juu ya huyu sikuapa."

Halafu nikamsikia Mzee anasema na mtoto, kwa sauti ile ya zamani ya barazani, ile ya kuwatania wapita njia.

"Mjukuu wangu," alimwambia. "Umechelewa wee. Babu yako nakungoja siku nyingi hapa. Mjukuu wangu."

Nililia kwa sauti kubwa mpaka mkunga akarudi mbio, akidhani uchungu umerudi upya. Akanifunua, akanitazama, hakuona kitu, akanigombeza nilale.