Kangeta Wako Juu ya Miti

Mwenye bucha wa Mikinduri hutabiri msimamo wa ligi ya kandanda ya kaunti kabla haijaanza, huku akikata nyama. Kwa kila timu ana neno lake, kwa ile sauti yake nzito, macho yakiwa kwenye gogo la kukatia. Akimaliza moja hupangusa kisu kwenye aproni, hata kikiwa safi, ndipo aende kwa nyingine. Kangeta huwaweka mkiani kila mwaka. Mkewe alikuwa mtu wa Kangeta, na pale kwenye dirisha la kulipia alikuwa akimjibu mpaka wateja wasahau nyama yao. Huu ndio msimu wa kwanza tangu amzike.

“Kangeta wa mwisho,” akasema juzi. “Mvua imenyesha, miraa imechipua. Wachezaji wote wako juu ya miti wakichuma.”

“Kweli kabisa, mzee,” akasema Kiunga wa bodaboda, na foleni ikacheka.

Yeye hakucheka. Akapangusa kisu, akawaangalia mmoja mmoja. “Hakuna wa kunipinga?”

Mzee akatupa jicho kwenye dirisha la kulipia. Akakata kipande kimoja, polepole.

“Mtu wa kupanda miti kutwa ana miguu kuwashinda nyinyi wote. Kangeta wa kwanza.”

“Ai, mzee! Si umesema wa mwisho?”

“Nilisema. Sasa nimejibiwa.”