Kuku Aliyeingia Katika Takwimu

Kwa miaka mingi, mwanangu, nilikana kwamba kwetu kulikuwa na njaa. Nilikana bwenini, chuo kikuu, wenzangu wa bara walipokuwa wakitania kuwa watu wa Pwani hulala mchana kwa kuwa wameshiba nazi. Nilikana mbele ya wakwe. Niliwahi hata kuandika makala gazetini, tena ndefu, kueleza kwamba "njaa" ni neno la watu wa mashirika na kwamba sisi huwa na "upungufu wa msimu". Makala hiyo ilisifiwa sana na watu walioshiba. Leo nakiri. Ilikuwa njaa, nami niliijua tangu utotoni.

Kuna siku moja ninayoikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, ambayo nayo ilikuwa na vituko vyake. Nilikuwa nimemaliza shahada ya uchumi na kurudi nyumbani Mwabungo, nikidhani Kwale nzima imekaa mkao wa kusubiri niielezee hali yake. Nikapata kibarua cha utafiti. Hoteli za Diani zilikuwa tupu msimu ule, walinzi na wapishi wamerudishwa makwao mikono mitupu. Kule ndani kukavu, nyuma ya Lunga Lunga, kulikuwa na mradi uliopika chakula cha mchana katika shule za msingi. Wafadhili wake walitaka kujua hali ya uchumi ya kila eneo, ndipo waamue shule zipi ziendelee kupikiwa na zipi ziachwe. Sisi tukatumwa kuuliza nyumba kwa nyumba.

Mwenzangu aliitwa Mutua, kijana wa Machakos, mcheshi na mchapakazi. Miongoni mwa nyumba zilizotuangukia ilikuwa ya mama mdogo wangu, Mwanakombo, mdogo wake mama, aliyeolewa huko na sasa alikuwa mjane anayelea wajukuu. Wajukuu wale walikula shuleni. Pure ile, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, ndiyo ilikuwa mlo wao wa hakika kwa siku. Hayo niliyajua kabla sijabisha hodi. Kanuni za kazi zilikataza mtu kuhoji jamaa zake, kwa hivyo Mutua angeuliza na mimi ningenyamaza. Nilinyamaza vizuri mno.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Huyu ndiye mume?"

"Si mume, mama. Ni mwenzangu kazini."

"Haya. Wote huanza hivyo."

Mutua akacheka mpaka akakosa pa kuuweka mkoba wake. Tukatandikiwa mkeka. Habari zetu zilikuwa zimetutangulia, maana kijijini mgeni hafiki kabla ya habari zake, na harufu ya mchuzi ilikuwa imejaa uani. Tukaletewa maji ya kunawa, wali kidogo, na kuku mzima aliyekatwakatwa. Mama mdogo alikaa kando kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi akitupepea nzi. Nilipomwambia ale nasi alisema alikuwa ameshakula.

"Auntie, hii kuku ni noma," akasema Mutua.

"Anasemaje?"

"Anasema ni tamu."

"Basi aseme tamu. Sisi tutajuaje?"

Baada ya kula, Mutua akafuta mikono, akatoa karatasi zake na kuanza. Watu wangapi nyumbani, paa la nini, maji ya wapi. Kisha akafika pale.

"Wiki hii mmekula nyama, mama? Hata kuku au samaki."

Mama mdogo akaitazama mifupa sahanini mwa Mutua. "Tumekula."

"Na kuna siku mlilala bila kula?"

Akanitazama mimi. Nikajifanya natafuta kalamu.

"Alhamdulillahi," akasema. "Tunashukuru."

"Kwa hivyo niandike hapana?"

"Andika vile mnavyoandika, baba."

Mutua akaandika. Si kosa lake. Hata angekuwa malaika angeandika hivyo hivyo, maana mdomo wake ulikuwa bado na mafuta ya ushahidi.

Mama mdogo alinisindikiza mpaka kwenye ua wa michongoma, Mutua akiwa ametangulia kuiwasha pikipiki. Nikamwuliza kwa sauti ya chini kama yule alikuwa tetea wake, kuku wa mayai niliyemkuta safari iliyopita.

"Ulitaka nimchinjie mgeni kuku wa jirani?"

"Lakini mama, kwa nini hukumwambia ukweli?"

"Nimwambie mgeni kwamba nina njaa, naye ameshika sahani yangu? Chakula kingemkwama." Akazifunga upya ncha za leso yake. "Mimi nilikuwa mwenye nyumba. Wewe ulikuwa nani, uliyekaa pale na mdomo wako na masomo yako yote?"

Nikapanda pikipiki. Na sikuishia hapo katika kunyamaza. Njiani, Mutua alipunguza mwendo, akageuza kichwa, akaniuliza kwa moyo safi kabisa, "Hebu niambie ukweli. Huku kuna njaa?"

Nikamwambia, "Njaa? Kwetu hakuna njaa. Hukuona tulivyokula?"

Basi ndivyo ilivyokuwa, nyumba baada ya nyumba. Palipokuwa na yai tulikaangiwa. Palipokuwa na sukari ya kukopa tulikorogewa chai ikawa tamu kama sharubati. Kila tulichokula sisi kiliandikwa kuwa chakula cha wenyewe. Majedwali yalipotoka, kata ile kavu ilionekana inakula nyama kuliko watu wa Ukunda wanaoishi jirani na bucha. Shule ya wajukuu wa mama mdogo ikawekwa katika orodha ya zile zitakazoachwa.

Hapo ndipo nilipopata akili, nayo ilikuja imechelewa. Nikawaandikia wakuu wa mradi, nikaeleza habari ya kuku. Wakajibu kwa adabu kwamba wako tayari kuangalia upya, mradi niwapelekee takwimu nyingine za kupinga zile. Nikaona hilo ni jambo dogo. Mimi si mchumi?

Nilikwenda mjini Kwale, nikapewa kiti na takwimu za kaunti nzima. Ukijumlisha jumba la mzungu wa Diani na kibanda cha mama mdogo kisha ukagawanya kwa mbili, kila mmoja anatoka na nyumba nzuri ya bati. Nilikwenda Diani, nikakuta hoteli zinajua wageni wanatoka nchi gani na wanapenda mto mgumu au laini, lakini waliopunguzwa kazi hakuna aliyeandika walikokwenda wala wanachokula. Mpakani Lunga Lunga malori yalihesabiwa yote. Gunia la mahindi linalopita vichakani juu ya bodaboda, ambalo ndilo lingenionyesha watu wananunua nini na kwa shida gani, halikujulikana na mtu, au halikutakiwa kujulikana. Mwisho nikarudi maktaba ya chuo. Nilikuta tasnifu juu ya tasnifu kuhusu uchumi wa pwani ya kusini, kila moja imechukua jedwali lake kwa iliyotangulia. Nikazifuata kurudi nyuma kama mtu anayefuata mfereji kutafuta chemchemi. Ile ya zamani kuliko zote iliandika chini ya jedwali, kwa herufi ndogo, "makadirio ya mwandishi". Nilicheka peke yangu mpaka mhudumu akaja kunitazama. Kisha sikucheka tena kwa muda mrefu.

Nataka nikupe nasaha yangu hapa, kabla sijakueleza ilivyokwisha, kwa kuwa baada ya hapo huwa sina sauti.

Mwanangu, wewe unayezunguka siku hizi na kishikwambi chako, na wewe unayetafuta namba za kwenu ili uandike tasnifu, nisikilize. Usimwulize mtu upungufu wake huku umeshika sahani yake. Ukikaribishwa, kula, kwa sababu kukataa ni kumtukana, lakini mwulize kilichokuwa chunguni jana, wakati wewe hukuwapo. Andika uliyoambiwa, na kando yake andika uliyoyaona, hata kama karatasi haina nafasi. Ukikuta jedwali zuri maktabani, jiulize nani alichinja siku ile na kwa ajili ya nani. Na ukiwa mtu wa pale, unayejua, sema ungali umekaa mkekani. Mwenye nyumba amefungwa na ukarimu wake, wewe hujafungwa na kitu ila haya zako. Usidhani utakwenda kuyarekebisha baadaye ofisini. Huko ofisini hakuna kitu. Mimi nimefika, nimetazama. Sikuahidi kwamba ukisema utasikizwa. Nakuambia tu kwamba ukinyamaza, unyamavu wako utachapwa na kujadiliwa mkutanoni.

Mwenyezi Mungu akupe macho yanayofika jikoni na ulimi usiowaonea haya watu wa kwenu. Akujaalie usije ukazunguka dunia kutafuta namba ya jambo ulilokuwa unalijua. Amin.

Simu ilinikuta Ukunda, nimesimama nje ya duka la nguo, tuk-tuk zinapiga honi. Alikuwa mkuu wa utafiti, mtu mwenye sauti ya upole, nami naamini alikuwa mtu mwema.

"Dada, nimesoma barua zako zote. Binafsi nakuamini."

"Ahsante, kaka."

"Ila siwezi kuwapelekea wafadhili maneno yako peke yako."

"Basi mhoji mama mdogo mwenyewe. Nitampeleka popote mnapotaka, hata leo."

"Alishahojiwa, dada. Majibu yake ninayo hapa mbele yangu, na ameweka kidole gumba." Nikasikia karatasi zinafunuliwa. "Muhula huu ukifungwa, tunaishia hapo. Gari litakuja Jumatatu kuchukua sufuria. Tafadhali mwambie mwalimu mkuu zioshwe kabla halijafika."