Siku Baba Alipopotea Njia

Juzi wanafunzi wangu wa shule ya Mushasha walirudi kutoka matembezi ya hifadhini, wakanionyesha picha za nyani na kilima chenye msitu. "Madamu, huko iko muzuri sana!" Nilikitambua kilima kile.

Nilikuwa mdogo, tukiishi Muyinga, baba aliponipeleka huko mchana mmoja. Nilidhani tunatembea tu. Msitu ulinukia majani mabichi na udongo ulionyeshewa. Baba alipanda haraka bila kuangalia njia, mpaka kwenye mparachichi mkubwa uliosimama peke yake kati ya miti ya porini. Aliweka kiganja kwenye shina. Kisha akaokota tunda moja, akanipa.

Askari wa hifadhi akatokea. "We mzee, unatafuta nini huku? Hii yote iko ya serikali!"

"Unisamehe, chef, mkubwa wangu. Mi nilipotea njia tu," baba akasema, kofia mkononi.

Askari aliniamuru nilitupe tunda. Niliona aibu kuwa mtoto wa mwizi. Nyumbani nilimwambia mama, huku nikicheka, kwamba baba hajui njia. Mama hakucheka. Baba alitoka nje.

Tulipomzika baba, miaka mingi baadaye, shangazi aliniambia kwamba mparachichi ule babu aliupanda uani kwake, kabla watu hawajahamishwa kutoka kilimani kupisha hifadhi. Baba alizaliwa hatua chache kutoka pale.

Yeye mwenyewe hakuwahi kuniambia. Nadhani siku ile alikwisha kuona kwamba nilisimama upande wa askari.