Ijumaa Niliyofungiwa Chumba cha Betri

Chumba cha betri kilikuwa nyuma ya karakana ya ndege, ukubwa wake kama jiko la nyumba yetu ya Mji Mkongwe. Hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na mlango mmoja wa chuma, feni kubwa ya kutolea hewa na meza mbili. Humo nilifanya kazi miaka sita, nikipima na kuchaji betri za ndege ndogo, zile za kupeleka watalii na wagonjwa Pemba na Bara.

Kuna wakati niliitwa kazi Bara, kwenye karakana kubwa zaidi. Nilijibu siwezi. Ndugu zangu wote wako Maskati, na mama yangu tangu avunjike nyonga haziwezi ngazi za nyumba yetu. Yuko orofa ya pili, na wa kumpikia na kumwogesha ni mimi. Kwa hiyo kila asubuhi nilitoka kwenye chumba cha mama nikaingia kwenye chumba cha betri, na jioni nikarudi.

Ijumaa ile asubuhi nilikuwa nimeipima betri ya ndege iliyotakiwa kuruka saa tisa. Unaitoa umeme wake taratibu na kuangalia itastahimili muda gani. Ilifaulu, nikaanza kuichaji upya. Ilipofika saa sita, wanaume walijitayarisha kwenda msikitini, mimi mwanamke nikabaki na kazi yangu. Mtunza ghala, mzee wa Makunduchi, alipita kufunga vyumba kama kawaida yake. Aliniita mlangoni. Feni ilikuwa inanguruma, nami nimeinama juu ya betri na miwani yangu ya kukinga asidi, sikumsikia. Akadhani nimetoka kuswali, akatia kufuli.

Muda si mrefu umeme ukakatika. Kiza kikawa kizito, na feni iliponyamaza ndipo nikajua karakana nzima haina mtu. Nikapapasa hadi mlangoni, nikausukuma. Haukwenda.

"Jamani! Nimo ndani!"

Simu ilikuwa kwenye kabati nje, maana humo hatukuruhusiwa kuingia nayo.

Umeme ukarudi. Taa ikawaka, chaja ikawaka, lakini feni haikuzunguka. Swichi yake ilikuwa nje ya ukuta, na kila umeme ukikatika lazima mtu aibonyeze upya. Betri ikichajiwa hutoa gesi, na gesi ile ikijaa chumbani, cheche moja tu yatosha. Hilo ndilo jambo la kwanza tulilofundishwa.

Nasema kweli, nilisita. Nilimfikiria mkuu wa karakana na abiria wa saa tisa. Mkono wangu ulikuwa karibu na chaja na sikuizima mara moja. Halafu nikamwona mama kitandani, anaita na hapana wa kumjibu. Nikazima.

Nikakaa chini, pua yangu kwenye upenyo wa chini ya mlango. Joto lilikuwa la kupikia mkate. Aproni ya mpira ilinigandia mwilini, na haja ndogo ilinibana hata nikalia, si kwa khofu bali kwa hasira. Nilijiona mjinga. Mtu mzima, fundi mwenye cheti, nimebanwa kama kuku tunduni.

Wanaume waliporudi nilikuwa sina sauti kwa kupiga kelele. Nilipiga mlango kwa kiatu. Mzee alifungua, akaniona nimekaa sakafuni, funguo zikamwanguka.

"Mwanangu! Nlikuita! Wallahi nlikuita!"

Nilimpita mlangoni. Nilikimbilia chooni.

Nilipotoka, mkuu alikuwa amesimama mbele ya chaja.

"Nani kazima?"

"Mimi. Feni haikuwa ikizunguka."

"Betri moja tu ile. Ingekufanya nini?"

"Mimi sijui ingenifanya nini. Wewe unajua?"

Akaniangalia, kisha akaangalia saa. Ndege haikuruka siku ile. Abiria walipelekwa asubuhi ya pili. Aliniambia niandike kwenye daftari kwamba ucheleweshaji ulitokana na umeme. Nikaandika umeme ulikatika, na chini yake nikaandika kwamba nilikuwa nimefungiwa ndani. Alisoma, akatoka. Wiki iliyofuata kufuli ya ule mlango iliondolewa, na swichi ya feni ikahamishiwa ndani.

Mama nilimwambia nimechoka tu. Ningemsimulia, angenambia niache kazi, na tungekaa wawili orofani tukitazamana.

Mzee wa Makunduchi ndiye ambaye hakupoa. Kwa miezi, kabla hajafunga hata kabati, alikuja kusimama mlangoni kwangu na kuniita, na hakuondoka mpaka nimwitikie, "Naam, mzee, nipo." Siku nyingine nilikawia kumjibu. Nilimwona pale kwenye mwanga wa nje, ameinamisha kichwa anasikiliza, nami nikitamani kwa dakika moja tu nisiwepo, si humo wala orofani kwa mama.