Halas Mbili za Mudir

Siku yangu ya kwanza kazini niliimaliza nikitafuta glavu za kulia. Nilikuwa nimetoka Voi na mkataba wa udereva, na kampuni iliyoniajiri Riyadh ilikuwa na timu ya besiboli, mchezo ambao sikuwahi kuuona hata kwenye televisheni. Mkurugenzi wa timu, ambaye sote tulimwita Mudir, alinifungulia stoo, akanionyesha rundo la glavu kubwa za ngozi, akaniambia nizipange. Nikazipanga. Karibu zote zilikuwa za mkono wa kushoto. Nikapekua makabati, nikapekua hadi mapipa ya taka, na jioni nikamwendea nikitokwa jasho, nikihofia kuitwa mwizi.

"Bosi, za kulia mafi," nikamwambia. Mafi maana yake hakuna, na ndilo neno la kwanza ambalo mgeni hujifunza kule.

Mudir aliketi juu ya kreti akacheka hadi kilemba kikamteleza. "Abu Joni," akasema, kwa kuwa wao humwita mtu kwa jina la mwanawe wa kwanza, "mtu anatupa kwa mkono wa kulia, anadaka kwa wa kushoto. Halas."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi ya kutunza vifaa. Udereva ukabaki kuwa kazi ya ziada, na mshahara haukujua tofauti.

Ninyi mnaosoma haya huenda mnajua kabumbu tu, kwa hiyo nitaeleza kidogo. Kiini cha besiboli ni watu wawili. Mmoja ni mtupaji, anayerusha kimpira kigumu kwa nguvu zake zote. Wa pili ni mpigaji, anayemsubiri na rungu. Nyuma ya mpigaji huchuchumaa mdakaji, amevaa ngao mwili mzima kama askari wa kuzuia fujo. Mbio na kelele nyingine zote hutokana na ugomvi wa hao wawili wa kwanza. Timu humwaga fedha kutafuta watupaji, na mkono wa mtupaji hutunzwa kuliko yai.

Kazi yangu ilianza kabla ya wao kuamka. Mpira mpya huteleza, kwa hiyo lazima upakwe tope laini kwa kiganja, mmoja baada ya mwingine, mpaka mng'aro utoke bila ngozi kuchubuka. Nililichekecha tope langu mwenyewe na sikumwonyesha mtu nilikolichota. Nilishona majina na nambari kwenye jezi. Nilianika, nikakunja, nikapakia. Na nilijifunza kwamba mpira wa Jeddah si mpira wa Riyadh. Jeddah kuna unyevu wa bahari, mpira hunywa maji kidogo na hushikika vizuri. Riyadh ni kukavu, mpira huwa mwepesi na hukuponyoka vidoleni. Mtupaji aliyezoea Jeddah akifika Riyadh hudhani mkono wake umelogwa.

Hilo lilikuwa na maana kwetu, kwa sababu timu ya kwanza ilikaa Riyadh na timu ya pili ilikaa Jeddah. Msimu ulichezwa wakati wa baridi. Joto lilipoanza kurudi, michezo ya mwisho ikikaribia na watu wa Riyadh wakichechemea kwa majeraha, ligi iliruhusu wachezaji kupandishwa kutoka timu ya pili. Nafasi hazikuongezwa. Akipanda mmoja, mwingine anashuka, au anaachwa kabisa.

Kwetu, mtu alijua habari zake kwa begi. Anayeachwa nilimwendea na begi tupu, akarudisha jezi, glavu na viatu, nikafunga zipu. Anayepanda nilimwendea na begi lililojaa, ndani mna jezi ya Riyadh yenye jina lake. Kwa mbali mabegi hayo hayatofautiani. Ndiyo maana wiki za mwisho wa msimu wachezaji wazima, majitu yenye vifua kama milango, walinikwepa koridoni.

Mudir mwenyewe hakuwa mbaya. Alikuwa bahili wa maneno, basi, na neno lake kubwa lilikuwa halas. Chai ikiisha, halas. Mkikubaliana jambo, halas. Mtu akifukuzwa, halas. Siku moja nilimuuliza, maana kuuliza si ujinga, mtu atajuaje kama halas hii ni ya kuisha au ya kukubaliana.

"Tazama uso wangu," akasema.

Jibu hilo lilimtosha aliyekuwa mbele yake. Baraka hakuwa mbele yake.

Baraka alikuwa mtupaji wetu wa Jeddah, kijana wa Dar es Salaam. Besiboli alifundishwa sekondari na mwalimu mgeni, akaja Jeddah kubeba mizigo kwenye maghala ya karibu na bandari, akilala mtaa wa Kandara na wenzake kwenye chumba kimoja. Ijumaa Wafilipino hucheza mchezo unaofanana na wetu katika viwanja vitupu. Akawaomba arushe mpira, na mmoja wa waliotazama alikuwa kocha wa timu yetu ya pili, naye Mfilipino. Kabla ya mwezi kwisha Baraka alikuwa ameacha ghala, na ikama yake, kile kibali cha ukaazi ambacho bila hicho wewe si mtu, ilikuwa imehamishiwa kwa kafili wetu, yaani mwajiri anayekudhamini. Alikuwa kijana mwenye adabu. Akikuamkia asubuhi, chai inapoa kabla hajamaliza kuulizia watu wa nyumbani.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa Jeddah siku za mwisho wa msimu. Asubuhi moja Mudir alinipigia simu kutoka Riyadh.

"Baraka anapanda. Nimeshamwambia. Lete mtu, lete begi. Kesho adhuhuri ligi inafunga usajili."

Nilishona jina lake bila haraka, nikatia vifaa begini, nikaenda kwenye makazi ya wachezaji. Kitanda chake kilikuwa kimetandikwa, kabati wazi, simu imezimwa. Kocha nilimkuta ameketi ngazini, amenuna.

"Ameondoka," akaniambia. "Mudir alimpigia. Amemwambia lete ikama, lete pasipoti, yalla, upesi, halas."

"Na wewe ulimwambiaje?"

"Nilimwambia pole. Nimwambie nini tena?"

Kocha wa timu ya pili daima ni wa mwisho kuambiwa. Nikamweleza kwamba kijana amepandishwa, na kwamba ofisi ya ligi inataka kuiona ikama na pasipoti kwa macho kabla ya kumsajili. Kocha alijishika kichwa kwa mikono miwili.

Hapo kila kitu kilikuwa wazi kwangu. Mtu aliyefanya kazi ghalani anajua maneno hayo yana maana gani. Bosi akisema lete ikama, lete pasipoti, halas, huo ni muhuri wa kuondoka na tiketi ya kwenda tu. Baraka aliyasikia kwa masikio ya mbeba mizigo. Akafanya wafanyavyo wengi: akapotea kabla hajakabidhi kitu.

Nilijua pia atakachopoteza. Adhuhuri ikipita, nafasi ingekwenda kwa mwingine. Na Mudir akiambiwa mchezaji haonekani, angetoa taarifa ya kutoroka kazini, na ikishaingia hiyo, kijana hawezi kufanya kazi popote, anangojea kukamatwa tu. Angekuwa amejifukuza mwenyewe kutoka kwenye kazi aliyokuwa amepandishwa. Nilitamani kucheka, lakini saa zilikuwa zinakwenda.

Nikaenda Kandara. Kule hakuna haja ya anwani. Niliingia kwenye mkahawa mdogo ambapo watu wetu hula ugali, nikamuuliza mpishi, Mkenya mwenzangu, kama amemwona kijana mrefu wa Bongo.

"Ni yule wa kugonga ukuta?" akasema. "Ako juu, kwa roof ya hiyo nyumba ya pili. Tangu saa saba anagonga tu. Caretaker amechoka na yeye. Mwambie aache, watu wa night shift wanataka kulala."

Nilipopanda ngazi nikausikia mpira mwenyewe. Alikuwa amesimamisha godoro kwenye matangi ya maji, analirushia mpira, anaufuata, anaurusha tena. Mpira ulipiga pale pale kila mara. Hakugeuka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ulijuaje ni mimi?"

"Mtu mwingine wa kupanda ngazi akikohoa hivyo simjui." Akaurusha tena. "Umekuja kuchukua vifaa."

"Nimekuja na begi."

"Najua. Naomba uniachie glavu, mzee wangu. Hivyo vingine chukua. Ikama siitoi. Mwambie bosi nimeipoteza."

"Mudir alikwambiaje?"

"Halas." Sasa aligeuka, na macho yalikuwa mekundu. "Niliacha kazi ya watu kwa ajili ya mpira. Nyumbani nimewaambia mimi ni mchezaji. Nikishuka uwanja wa ndege na kifuko cha nguo tu, nitasema nini?"

Ningeweza kumweleza pale pale, lakini nilijua asingeniamini. Angedhani ni hila ya kumtoa ile kadi ya ikama mfukoni. Wako watu waliofanyiwa hivyo.

"Fungua begi," nikamwambia.

"Sifungui."

"Basi liinue tu. Mimi mgongo unaniuma."

Kwa sababu ya adabu yake, mzee akilalamika mgongo hawezi kukaa. Akainama, akashika mkono wa begi kama mtu anayeinua kitu kitupu, na begi halikuja. Alisimama hivyo hivyo, ameinama. Akalivuta tena. Kisha akaketi kwenye sakafu ya paa akalipakata, bila kulifungua, akaanza kulia. Nilifurahi, sitaficha. Katika kazi ile furaha za namna hiyo zilikuwa chache.

Tulipanda ndege ya alfajiri. Ikama na pasipoti zilifika mezani kwa ofisa wa ligi kabla ya muda, na ofisa hakumtazama hata usoni. Mchana huo huo nilimpelekea begi tupu mtupaji mwingine, Mvenezuela mtu mzima mwenye bega bovu. Alinimiminia kahawa, akakunja vifaa vyake vyote mwenyewe, hata soksi, akaniuliza mpandaji ni nani. Nilipomtajia akasema kijana ana mkono mzuri. Nikafunga zipu.

Usiku wa mchezo Baraka aliingizwa mwishoni kabisa. Mpira wake wa kwanza ulipita juu ya kichwa cha mdakaji, ukagonga wavu. Uwanja ukaguna. Nilikuwa pembeni na ndoo yangu ya mipira, nikamwita.

"Haraka haraka haina Baraka," nikamwambia. "Hapa si Jeddah. Pakaa unga."

Kulikuwa na kifuko cha unga wa utomvu, kazi yake ni kunata vidoleni. Alikishika, akapumua, akaendelea. Wapigaji waliomjia waliondoka mmoja mmoja, wakiyatazama marungu yao. Mchezo tulishindwa, mabao yalikuwa yameshaingia kabla yake. Mudir alimpita koridoni akamgusa bega.

"Msimu ujao, Riyadh. Halas."

Baraka aliutazama sana uso wake. Kisha akaniangalia mimi. Nikaitikia kwa kichwa.

Baada ya hapo nilifanya misimu mingine kadhaa. Makocha walikuja na kwenda. Mmoja, Mmarekani, alileta mashine ya kupima unyevu wa mipira, nayo ikaharibiwa na vumbi, tukarudi kwenye sanduku langu la kuhifadhia mipira na kitambaa chenye maji. Tope nilimwachia mrithi wangu, mtu wa Nepal, ingawa mahali pa kulichota nilimwonyesha wiki ya mwisho tu.

Yangu yalikuja mwisho wa msimu, kama ya wengine. Mudir aliniita ofisini, akasimama nilipoingia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Ndevu zake zilikuwa zimeshakuwa nyeupe.

"Abu Joni. Lete ikama, lete pasipoti. Halas."

Niliutazama uso wake kama alivyonifundisha. Ilikuwa ile ya kuisha. Nilikuwa nimewapelekea watu wengi begi tupu kwa mikono hii, nikidhani najua wanavyojisikia. Nilikuwa sijui.

Jioni nilikwenda stoo kukabidhi funguo. Baraka alikuwa amesimama mlangoni na begi. Nikaanza kuvua koti la timu, maana ndio utaratibu, na mimi ndiye niliyeuweka.

"Shikamoo, mzee. Liinue."

"Mgongo unaniuma."

"Liinue tu."

Nililiinua. Lilikuwa jepesi, lakini si tupu. Ndani mlikuwa na jezi moja ya timu ya kwanza, na mgongoni jina langu, Mwakio, limeshonwa kwa mkono. Nambari hakuweka, alisema hakujua mtunza vifaa huvaa ipi. Nilivaa miwani nikaikagua mishono, kwa sababu nilihitaji kutazama kitu kisichokuwa uso wake. Herufi ya K ilikuwa imepinda vibaya.

"Kazi mbovu hii," nikamwambia. "Fumua ushone upya."

"Halas, mzee," akasema. "Imekaa."

Ninayo hapa Voi. Mama Joni huipiga pasi kila Jumapili, na kila Jumapili huniuliza kwa nini mimi, fundi wa jezi za watu miaka yote hiyo, siirekebishi hiyo K. Uzi ninao, na sindano ninayo. Sijaifumua.