Nilipimwa Mgongo Mkaja Ukiwa Tumboni

Nilimwambia, "Kaka, funga mlango kwanza, ndipo unitukane," na sauti ikafika mpaka kwenye benchi la nje, mimi nimesimama hapo na gauni limelowa mkojo wangu mwenyewe. Naona aibu hata kuwasimulia, ila nitasimulia.

Tangu nijifungue kwa upasuaji kiwiliwili changu hakina nguvu: nikiinama kumwogesha mwanangu siinuki, nikimbeba mgongo unakataa. Ukweni kwangu, kijijini Tingi, walishaniita mvivu (wifi yangu aliniita "bibi harusi wa kudumu"), kwa hiyo kipimo cha nguvu za mgongo nilichopangiwa hospitali ya Mbinga nilikisubiri kama hukumu. Asubuhi hiyo mama mkwe akanifunga mkaja, ile kanga ya kubana tumbo la mzazi, akakaza mpaka nikahema. "Usiufungue ovyo, upepo utakuingia." Nikaamua kwenda nao hivyohivyo ndani ya gauni, nisimwambie mtu. Uamuzi mdogo tu.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana wa rika langu, akanilaza kifudifudi, akanipitishia mgongoni mkanda wenye kipimo, akasema nijinyanyue kwa nguvu zote. Mlango wazi, benchi zima linatazama, mama mkwe aliyenisindikiza akiwa wa kwanza. Nikasukuma. Akasoma, akacheka. "Dada, huu mgongo ni wa kubebea magunia ya kahawa. Nenda kalime."

"Si nilisema!" akadakia mama mkwe.

Kumbe aliyesukuma ni mkaja, si mimi. Nikamweleza yule kijana, nikaufungua palepale, nikaomba anipime tena. Safari hii kifua hakikunyanyuka hata kidogo, kilichotoka ni mkojo. Mama mmoja muuza usipa, wale dagaa wa ziwani, akasema taratibu, "Jamani, mfunikeni mwenzenu." Hakuna aliyecheka, na hilo liliniuma zaidi.

"Unaigiza," akasema yule kijana. "Nimeshaandika cha kwanza."

Hapo ndipo nilipopasuka.

Sitamficha tena kitu mtu anayenipima, hata mama mkwe anune mwaka mzima. Lakini kosa langu halifuti lake. Gauni likiwa bado bichi niliingia kwa mganga mkuu, nikaandika:

"Nalalamika kwamba nilipimwa misuli ya kiwiliwili mlango ukiwa wazi, nikaitwa mwigizaji, na cheti changu kikaandikwa kipimo kisicho cha kweli. Naomba nipimwe upya, mlango ukiwa umefungwa. Na majibu yasomwe mbele ya mama mkwe wangu, maana yale ya kwanza aliyasikia."